Beseni la Nundu

Oveni ya Mama Nundu ilikuwa na tabia za kitinda mimba: ilifanya ilivyotaka na hakuna aliyethubutu kuionya. Mlango wake ulizuiwa kwa kipande cha mti, na upande wa kushoto ulikuwa na moto mkali kuliko wa kulia, kwa hiyo kila keki iliyoingia humo imenyooka ilitoka na mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ule mlima ulipasuka juu, sukari ikaganda kwenye nyufa, ikawa ya kahawia na ya kuvunjika mdomoni. Watu wa mtaani waliuita nundu. Na kwa kuwa watu wa mtaani hawakosi nafasi ya kazi kama hiyo, mwenye oveni naye wakamwita Mama Nundu, jina alilolichukia kwa moyo wake wote, kwa roho yake yote na kwa nguvu zake zote. Ninavyojua mimi, nguvu hizo zilikusudiwa shughuli nyingine.

Mdogo wake, enzi za uhai wake, alikuwa akija na bintiye kila Jumapili baada ya ibada, na keki ikikatwa tu, vita vinaanza. Mwanamke mzima, mwenye kitambulisho na heshima zake kanisani, anagombania nundu na mtoto wa darasa la pili! Aliyeshinda alikula akimtazama mwenzake usoni, aliyeshindwa alinuna hadi jioni. Mama Nundu mwenyewe alikula kipande cha bondeni, kama akina mama wengi wanavyokula shingo ya kuku na kuapa kwamba ndiyo wanayoipenda.

Kisha mdogo mtu akaugua, akafariki, binti akiwa bado sekondari. Siku zile za mwisho, pale hospitalini, alimshika dada yake mkono akamwambia, "Dada, siku ya harusi yake, mama ni wewe." Mama Nundu aliitikia, na tangu hapo neno hilo lilikaa kifuani mwake kama amana ya watu.

Binti alikua, akawa muuguzi, akampata fundi umeme mmoja mwenye haya na mikono mirefu. Jioni moja akaingia kwa mama yake mkubwa akiwa bado na sare ya kazi, akaketi jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pake pa siku zote.

"Mama mkubwa, ukumbi tumepata, na mchungaji amekubali tarehe. Kwenye keki sitaki mtu mwingine. Nataka yako."

"Yangu ipi?"

"Hiyohiyo yako, yenye nundu. Nimemsimulia mwenzangu mpaka amechoka. Nataka aionje siku hiyo."

"Mwanangu, harusi si chai ya saa kumi."

"Najua. Sikuombi kitu kingine chochote. Nundu tu."

Mama Nundu alitabasamu, akamtengea chai, na moyoni akakata shauri la kutomsikiliza. Aliona mtoto anasema hivyo kwa adabu, maana yatima hujifunza mapema kuomba kidogo. Na walimwengu wangesemaje? Yatima kaolewa, na keki yake imeinamia upande kana kwamba nayo imefiwa? Thubutu. Siku hiyo mama ni yeye, na mama wa bibi harusi hapeleki nundu ukumbini.

Hapa hatuna budi kumzungumzia Mikono ya Malaika. Hilo lilikuwa jina la ukurasa wa mwokaji mmoja kwenye simu, mwanamke ambaye Mama Nundu hakuwahi kukutana naye lakini alijua rangi ya mapazia yake yote. Keki zake zilisimama ghorofa tano, nyeupe, zimenyooka hata ukitaka kupimia ukuta ungepimia. Chini ya kila picha aliandika, "Siyo mimi, ni Yeye," na picha zote zilikuwa za yeye. Alisimama mbele ya jiko lisilo na hata tone la mafuta, amevaa aproni ambayo haijawahi kukutana na unga, akimshukuru Mungu kwa kumpendelea, na watu kwa maelfu wakaandika amina. Mama Nundu naye aliwahi kuweka picha ya keki yake. Waliobonyeza kuipenda walikuwa watatu: mumewe, yeye mwenyewe, na mtu mmoja aliyekuwa anauza makochi.

Basi akawa hana raha. Akipiga mayai, anamwona Mikono ya Malaika akipiga mayai bila kuchafuka. Akipanda kitandani, anajiuliza yule mwenzake analala na nguo ya namna gani. Hata kanisani hakupona. Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya kujilinganisha na watu. "Mungu hana mashine ya fotokopi!" alinguruma, na waumini wakapiga makofi. Lilikuwa hubiri zuri, isipokuwa mchungaji mwenyewe alikuwa amemuiga mhubiri fulani wa kwenye simu: sauti ya kukwaruza, taulo begani hata siku za baridi, na kuruka kwa mguu mmoja kila alipomtaja shetani. Zamani alikuwa na sauti nyembamba, ya upole, iliyobembeleza watoto wakalala na kuwafariji wajane. Sasa watoto walilia na wajane walikaa viti vya nyuma. Nyani haoni kundule.

Mama Nundu hakuyaona hayo, kwa sababu Biblia yake ilikuwa ndani ya simu, na kidole chake kilikuwa kimeteleza kutoka kwa nabii Isaya kikatua kwa Mikono ya Malaika.

"Bwana," aliomba wenzake walipoinamisha vichwa, "mwenzangu umempa mikono ya malaika, mimi umenipa nundu. Nimekukosea nini? Kwaya naimba, hata ile sauti ya tatu isiyotakiwa na mtu. Usafi wa kanisa nafanya. Ungepungukiwa na nini ukininyoosha kidogo?"

Mungu alikaa kimya. Mama Nundu alidhani labda huko juu mtandao unasumbua.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye duka la vifaa vya keki, akamuuliza mwenye duka inakuwaje keki ya ghorofa tano isimame bila kuporomoka. Mwenye duka alicheka mpaka akavua miwani. Akaingia nyuma, akatoka na maduara ya foamu nyeupe ngumu, ile inayofungiwa runinga kwenye maboksi.

"Dada yangu, keki iko wapi hapo? Ni hizi. Unazipanga, unazifunika kwa sukari laini, nani atajua? Mikono ya Malaika huja kuazima hapa kila mara. Hii ya chini alirudisha juzi tu, tazama alama ya kisu."

Mtu mwenye akili timamu angecheka palepale dukani, akarudi nyumbani akiwa huru, akaoka nundu zake kwa amani. Mama Nundu alifurahi kwa namna yake. "Kumbe siri ni hii!" alisema, akaziazima foamu zile na kuzikumbatia, na hiyo ya alama ya kisu ndiyo aliyoikumbatia zaidi.

Mwenye duka alimfundisha na mengine. Kwenye foamu ya chini hutobolewa tundu, hupachikwa kipande cha keki ya kweli, na juu yake huwekwa ua jekundu la sukari kuwa alama. Maharusi hukata hapo penye ua, wakalishana, wakapigwa picha. Wageni hula keki ya kwenye trei, inayotoka jikoni ikiwa imeshakatwa, na kila mmoja huamini imetoka kwenye ghorofa.

Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache na chakula kingi, alirudi kazini akakuta foamu mezani.

"Tunahama?"

"Hiyo ni keki ya harusi."

Aliigonga kwa kidole. "Nani ataila?"

"Hailiwi. Inatazamwa."

Fundi bomba alinawa mikono, akaketi, akaifikiria foamu kwa muda. "Mke wangu, kila ndege huruka kwa ubawa wake."

"Na kuku je?" Mama Nundu alimjia juu. "Kuku naye ana ubawa, anaruka kwenda wapi?"

Mumewe alifikiri tena. "Kuku ana mayai," akasema, akauliza kama kuna chakula.

Ijumaa aliwasha oveni kwa ajili ya keki za wageni. Kwa vile matumbo hayadanganyiki kwa foamu, hizo alioka kwa mapishi yake mwenyewe, yenye maganda ya limau yaliyokwaruzwa, siagi na maziwa mgando, na nyumba nzima ikanukia mpaka majirani wakakumbuka kuja kusalimia. Kila trei ilitoka na nundu. Ndipo akafuata somo la Mikono ya Malaika: alichukua kisu kirefu, akazikata nundu zote, moja baada ya nyingine, mpaka keki zikawa sawa kama sakafu. Nundu akazitupia kwenye beseni la bluu, akalifunika kwa kitambaa. Fundi bomba alipopita na kupenyeza mkono, alichapwa kofi la kiganja.

"Acha! Hayo ni mabaki, ni ya kuku."

"Hatuna kuku," alisema mumewe kwa masikitiko.

Asubuhi ya harusi kazi ilikuwa imekwisha. Ghorofa tano nyeupe zilisimama mezani, zimenyooka, na ua moja jekundu chini. Mama Nundu akachukua simu ampige picha mtoto wake huyo mpya. Laiti angeiacha simu mfukoni! Mikono ya Malaika alikuwa ameweka keki mpya, na safari hii maua mekundu yalizunguka chini pote, mfululizo, kama mkanda. Mama Nundu akaitazama ile, akaitazama yake yenye ua moja, akaiona imevuliwa nguo. Sukari nyekundu ilikuwa imebaki. Alikaa akafinyanga maua, akayapanga kuzunguka ghorofa ya chini mpaka mduara ukafungwa. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni, na chini yake akaandika, "Siyo mimi, ni Yeye." Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu, maana hakika haikuwa yeye.

Fundi bomba alipakia vitu kwenye gari la rafiki yake. Walipofika ukumbini Mama Nundu aliliona beseni la bluu mvunguni mwa meza ya jikoni.

"Nani kalileta hili?"

"Lilikuwa njiani," alisema mumewe, akajifanya anakagua bomba la sinki.

Ibada ilipita salama, watu wakaingia ukumbini, na macho yote yakaenda kwenye keki. Mama Nundu alisimama karibu nayo ndani ya gauni la kubana, amevimba kichwa, akisikia watu wakiulizana nani kaoka. Wakati ukafika. Mshereheshaji, kijana wa koti la kung'aa, akainama na kipaza sauti chake mpaka karibu kuilamba keki.

"Sasa maharusi wetu watakata keki, kama fundi wa keki alivyoelekeza, hapo penye ua jekundu!"

Mama Nundu alilikumbuka ua hilo, na yale mengine yote.

"Ua lipi, mama mkubwa?" binti alinong'ona, na kipaza sauti kikawatangazia wote.

Aliyatazama maua. Yalikuwa mengi na yalifanana, kwa kuwa alijitahidi sana yafanane. Alikumbuka kwamba ua la kweli lilielekea dirishani, lakini hilo lilikuwa dirisha la jikoni kwake. Akajipa moyo, akaonyesha moja. Maharusi wakashika kisu pamoja, wakakandamiza.

*Kwiiii!*

Ambaye hajawahi kusikia kisu kikipita kwenye foamu mbele ya kipaza sauti, amshukuru Mungu. Meno yaliwauma watu hadi meza za mwisho, na mtoto mchanga akaangua kilio.

"Keki ngumu kama ndoa yenyewe!" alidakia mshereheshaji, na watu wakacheka kwa hisani.

Mama Nundu akaonyesha ua jingine. *Kwiiii!* Punje nyeupe zikaruka, zikamganda bwana harusi kwenye suti nyeusi. Alizipangusa kwa mkono wa kulia, zikahamia mkononi. Akazipangusa kwa wa kushoto, zikahamia huko. Fundi umeme mzima akawa anashindwa na umeme wa punje za foamu mbele ya wakwe. Ua la tatu nalo likapiga kelele zilezile, na safari hii hakuna aliyecheka. Mchungaji akainuka na taulo lake.

"Tuombe!" alikwaruza. "Kila roho ya shetani inayoifunga keki hii," na hapo akaruka kwa mguu mmoja, "naiamuru sasa hivi..."

"Mchungaji," alisema bibi harusi, akikitazama kisu kwa jicho la muuguzi anayesoma kipimajoto, "siyo roho. Ni foamu."

Alikiweka kisu chini. Hakukasirika, na angekasirika ingekuwa nafuu. Alimgeukia mama yake mkubwa, akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akauliza polepole, "Keki yangu iko wapi?"

Mama Nundu angeweza kusema iko jikoni kwenye trei, na usingekuwa uongo. Lakini uso ule ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili aliyenyimwa, na aibu ilimpanda Mama Nundu kutoka tumboni mpaka masikioni. Msichana huyu hakuwahi kuomba kitu. Aliomba kimoja, nacho yeye akakikata kwa kisu.

"Nimezikata nundu," alisema. "Zote. Nilitaka uwe na keki kama za watu."

"Watu gani, mama mkubwa?"

Mama Nundu akafungua mdomo kuwataja hao watu. Akatafuta, akatafuta tena, akamkuta mwanamke mmoja asiyemjua, na mapazia.

"Umezitupa?"

"Ziko kwenye beseni."

"Basi lilete."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Nundu aliinama chini ya meza ya jikoni, gauni likafumuka ubavuni kwa mlio uliosikika, na fundi bomba, aliyekuwa amesimama palepale kama mtu anayengoja basi, akamfunika kwa koti lake. Mama Nundu akatoka na beseni la bluu mikononi, akapita katikati ya ukumbi, akaliweka kando ya zile ghorofa tano. Mpiga picha alishusha kamera kwa huruma.

Binti aliondoa kitambaa. Akavua glavu ya harusi, akaingiza mkono, akapekuapekua kama mtu anayejua anachotafuta, akatoa nundu moja yenye ufa wa kahawia, akamtia mumewe mdomoni. Ukumbi mzima ukamtazama anavyotafuna. Alikuwa mtu wa haya, na hakuharakisha.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

Bwana harusi akaingiza mkono ndani ya beseni bila kuelekezwa, na hapo watu wakaangua kicheko na kuanza kusogea. Trei za keki tambarare zilitoka jikoni zikapita na kurudi. Watu walizipokea kwa heshima wakanyoosha shingo kulitazama beseni. Mchungaji naye alipenya katika msongamano, taulo limeanguka, na kwa haraka yake akasahau kukwaruza.

"Jamani, nipitishieni na mimi," alisema kwa sauti yake nyembamba ya zamani, na mjane aliyekuwa mbele yake akageuka kumtazama kama anamwona ndugu aliyerudi kutoka safari. Mchungaji akatafuna, macho yakamng'aa, kidole kikapanda juu. "Wapendwa, hapa nakumbuka habari ya jiwe fulani na wale waashi..."

"Mchungaji, kula kwanza," alisema bibi harusi.

Kisha akachagua nundu nyingine, kubwa, akamsogelea mama yake mkubwa, ambaye alikuwa amejikunyata ndani ya koti la fundi bomba akitamani ardhi ipasuke.

"Kipande kama hiki mama alikuwa lazima aninyang'anye," alisema. "Leo hayupo wa kuninyang'anya. Kula wewe."

"Mimi huwa nakula bondeni, mwanangu."

"Najua. Fungua mdomo."

Akafungua. Sukari ikavunjika kwa sauti ndogo, limau likaja nyuma yake, kisha ule ulaini wa chini uliokuwa umejificha. Miaka yote hiyo ya kuoka, na hakuwahi kuionja! Alikuwa ameitwa jina lake, akalichukia, na hakujua hata ladha yake. Alilia palepale, kilio kisicho na madaha, kamasi na makombo vikichanganyika, akimlilia mdogo wake na akijililia mwenyewe.

"Bwana," alisema moyoni, mdomo umejaa, "mbona hukuniambia?"

Na jibu likamjia kabla hajameza. Kila Jumapili watu wawili walipigana jikoni kwake, mbele ya macho yake, kwa ajili ya kitu alichopewa yeye na oveni yake mbovu. Na yeye alisimama pale na sahani ya bondeni, akimwomba Mungu ampe mikono ya mtu mwingine. Aambiwe vipi tena? Alicheka, na kicheko kikatoka na punje ya keki, ikatua begani kwa mchungaji.

"Mama, samahani," mpiga picha alikuja mbio, "sikuipata vizuri hiyo. Futa machozi, simama hapa mbele ya keki kubwa, mrudie kulishana."

Mama Nundu aliinua kidole, subiri. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, akalamba sukari iliyobaki kwenye kona ya mdomo.

"Tupige hapa kwenye beseni," alisema. "Na hiyo foamu iondoeni taratibu, msiiharibu. Lazima irudi dukani, kuna mtu anaisubiri."